Kiti cha Mgeni, Timu ya Nyundo

Jumamosi, 7 Juni

Bado niko kwenye chumba changu cha utotoni. Kitanda kimekuwa kifupi, au mimi ndiye nilirefuka bila kukiaga. Goti limelala juu ya mto kama mgeni rasmi. Leo nimeshuka ngazi za uani bila kushika ukuta! Mama kapiga makofi. Baba kasema, "Angalia usikanyage waya."

Jioni tumeangalia *Dakika za Nyongeza*. Nyumba hii unaweza kuchelewa chakula, lakini kipindi hicho huchelewi. Wanamichezo wanakaa timu mbili, wanaulizwa maswali ya michezo, wanataniana, wanabonyeza vitufe vinavyolia kama mbuzi. Kapteni wa upande mmoja ni bondia mstaafu, Nyundo. Wa upande wa pili ni mwanariadha mstaafu, Bi Mita. Baba anawazungumzia kama mashemeji zake. Anajibu kabla yao — na anakosa karibu kila swali! Leo wameuliza ni mchezo gani watu saba wanacheza ndani ya maji. Baba: "Kuogelea!" Mtangazaji akasema ni polo ya majini. Baba: "Sasa hao hawaogelei? Wanatembea?"

Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

Kisha habari za michezo. Soka la wanawake likatajwa tu, Baba huyoo, kainuka. "Ile kompresa inapiga kelele." Ni fundi friji, karakana iko hapo uani. Ajabu ni kwamba kila mambo yangu yanapotajwa, kuna kompresa inayopiga kelele.

Alikuja uwanjani mara moja, mechi yangu ya kwanza ya ligi. Mpira ulipokwisha nikamtafuta jukwaani. Alishaondoka. Tangu siku hiyo hajasema neno kuhusu mpira wangu, zuri wala baya. Nikaitwa timu ya taifa — kimya. Nikaumia goti, akanipokea nyumbani, akaninyanyulia begi — kimya. Ni aibu, najua. Binti wa mtu anajigaragaza kwenye tope watu wanaangalia. Basi.

Jumatatu, 9 Juni

Simu. Namba nisiyoijua. Mwanamke anaongea kama anakimbizwa. Anasema ni mtayarishaji wa *Dakika za Nyongeza*. Mcheza kikapu waliyemwalika kapata mafua, sauti imekwenda yote. Kurekodi ni Jumanne ijayo. Je, naweza kukaa kiti cha mgeni, timu ya Nyundo?

Nikajua ni beki wetu wa kulia, yule bingwa wa kuigiza sauti. Nikamwambia, "Hebu toka hapa, niko na barafu gotini, sina muda wa upuuzi wako."

Akasema: "Samahani... nimempata kipa?"

Ardhi ipasuke inimeze!

Alikuwa mwema, alicheka. Kisha akauliza kama utambulisho wao ni sawa. Wameandika "aliyekuwa kipa wa timu ya taifa."

Aliyekuwa. Nimelitazama hilo neno mchana kutwa kama mpira uliopita katikati ya miguu yangu. Nimemwambia nitampigia kesho.

Jumanne, 10 Juni

Kwa Koleo, mtaalamu wangu wa viungo. Jina nimempa mimi, kwa ajili ya vidole vyake. Nimekanyaga baiskeli yake isiyokwenda popote, nimevuta ule mpira wa kunyoosha mguu, nimetokwa na jasho hadi kwenye kope. Nikamwuliza lile swali tena. Nitadaka tena au ndiyo basi?

Kasema kano imeshika vizuri. Misuli bado mivivu. Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu atanipima kuruka na kutua kwa mguu mmoja. Nikitua vizuri, narudi uwanjani. Nisipotua vizuri — "tutaongea mambo mengine." Hajasema mambo gani. Mimi pia sikuuliza.

Nikamwambia habari ya televisheni. Kumbe naye ni mpenzi wa kipindi! Kasema, "Nenda. Kukaa kwenye kiti ndilo zoezi pekee ambalo sijawahi kukukataza."

Nimepiga simu. Nimekubali. Mimi si mtu wa maneno jamani! Golini napiga kelele kwa sababu ndiyo kazi: "Toka! Yangu! Mwachie!" Nje ya goli hata salamu naijibu kwa kichwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwambia Mama. Kachukua mto, kaufunika usoni, kapiga kelele ndani yake. Kisha katoka kama hakuna kitu, akauliza, "Utavaa nini?"

Nimemwomba amfiche Baba kwanza. Akiinuka wakati wa habari, nimezoea. Lakini akiinuka katikati ya kipindi chake mwenyewe kwa sababu mimi nimetokea... hapana. Hilo sitaki kuliona.

Mama kanitazama. Kasema mimi na baba yangu tumetoka kiwanda kimoja, tukifunga midomo hata funguo hatutafuti.

Kufika mchana Shangazi alishajua. Siri ya Mama na wifi yake ni siri ya mtaa. Kaja na blauzi ina vitu vinavyomemeteka kifuani. Nimeijaribu. Nimefanana na duka la taa. Nitavaa jezi yangu ya mazoezi na koti juu.

Jumanne, 17 Juni

Niandike yote kabla hayajapoa.

Studio ni ndogo! Kwenye televisheni inaonekana kama uwanja wa ndege. Kumbe ni chumba kimoja, ukuta wa mbao uliopakwa rangi upande unaoonekana tu, nyuma misumari na waya. Na baridi — wanasema ni kwa ajili ya mitambo. Baba angeipenda baridi ile.

Nilimkuta Nyundo kwenye kiti cha kupakwa poda. Mtu yule ni kabati! Lakini dada wa poda alipoleta brashi karibu na jicho, Nyundo akashika mikono ya kiti na kufumba macho kama mtoto anayechomwa sindano. Nikamwamkia, "Shikamoo." "Marahaba, mdogo wangu. Ongea nami, ongea nami mpaka amalize." Basi nikaongea! Sijui niliongea nini. Nilipomaliza, woga wangu wote alikuwa ameubeba yeye.

Akaniuliza goti. Nikamwambia nasubiri kipimo cha Jumatatu. Akasema yeye mkono ulivunjika, akakaa nje mwaka mzima, na kitu kilichomchosha zaidi ni watu kumpa pole kwa sauti ya msibani. "Mimi sikupi pole. Nakupa kitufe. Wewe una mikono ya haraka, mimi yangu imezeeka."

Tukakaa. Taa zikawaka. Mtangazaji ana sauti kama asali, ila viatu chini ya meza amevua. Akamtambulisha Bi Mita na mgeni wake, mwogeleaji. Akamtambulisha Nyundo. Kisha mimi: "Na leo tuna bahati ya kuwa naye, aliyekuwa kipa wa —"

"Bado ni kipa."

Ni mimi niliyesema! Kwa sauti ya golini! Nyundo akapiga meza, glasi ya maji ikaruka. "Umesikia? Andika upya!" Watu wakacheka, mtangazaji akainamisha kichwa, akasema tena: "Kipa wa timu ya taifa." Na makofi.

Maswali yakaanza. La kwanza nilibonyeza kabla hajamaliza kuuliza. Nikaambiwa nijibu. Sikuwa najua hata swali ni la nini! Nikasema, "Ndondi." Lilikuwa la farasi. Bi Mita alicheka hadi akatoa kitambaa. La picha iliyokatwa vipande nikapata — nilimtambua mkimbiza baiskeli kwa masikio yake. Video ya "Nini Kilifuata?" ilikuwa ya kipa anarusha mpira kwa mkono. Nyundo akasema mpira utampiga mwamuzi. Mimi nikasema hapana, tazama bega lake, anajifunga mwenyewe. Na kweli akajifunga, maskini. Nilicheka na kumwonea huruma kwa pamoja.

Tumeshindwa. Pointi moja! Ile ya farasi.

Lakini kabla ya hapo. Kuna kipande ambacho mtangazaji anamwuliza mgeni swali lisilo na pointi. Nilidhani ataniuliza goti. Akauliza, "Nani alikufundisha kudaka?"

Ningeweza kumtaja kocha. Kila mtu humtaja kocha. Mdomo ukaenda wenyewe. Nikasema, baba yangu. Nikasema ni fundi friji, na nilipokuwa mdogo nilikuwa nashinda karakanani kwake, na yeye akiwa juu ya kiti au chini ya friji alikuwa hatazami, ananyoosha mkono tu na kunirushia vitu: "Shika!" Boliti, mpira wa kuzibia mlango wa friji, spana. Na kikianguka alikuwa hanigombezi, anasema tu, "Mikono iwe mbele ya macho." Nikasema hadi leo mpira wa kona ukija, ndicho ninachokisikia kichwani.

Mtangazaji akauliza, "Naye anasemaje akikuona golini?"

Taa zile zina joto. Kisha nikasema, "Mwulizeni yeye." Watu wakacheka, wakidhani ni utani.

Nimerudi nyumbani na poda shingoni. Baba kanitazama, kauliza, "Umeanguka kwenye unga?"

Alhamisi, 19 Juni

Nilisahau kitu kimoja. Matangazo!

Tulikuwa mezani. Televisheni inaongea peke yake. Ghafla sauti ya asali: "Jumamosi hii, kwenye *Dakika za Nyongeza*..." Na huyo hapo! Uso wangu, mkubwa kama sinia, nasema, "Bado ni kipa."

Mama alishika kijiko hewani. Mimi nikajifanya natafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mkononi.

Baba alitazama mpaka tangazo likaisha. Akamaliza chakula chake. Akafuta mdomo. Akatoka nje.

Nikamwambia Mama, umeona? Mama akasema, "Nyamaza, sikiliza." Tukasikia vishindo juu. Mtu anatembea juu ya bati! Tukatoka. Baba yuko juu ya paa na koleo, koleo ya kweli, anageuza antena. "Ingia ndani uniambie," anamwambia Mama. "Ile mistari imepotea au bado?" Picha haikuwa na mstari hata mmoja. Mama kasimama sebuleni anapiga kelele, "Bado kidogo! Geuza kushoto!" — anamtania tu, huku machozi yanamtoka.

Jumamosi, 21 Juni

Shangazi kafika mapema, na blauzi yake ya kumemeteka kaivaa mwenyewe. Baba kwenye kiti chake. Rimoti mkononi. Mimi nikakaa karibu na mlango, kama kipa anayetaka kubadilishwa.

"Bado ni kipa." Shangazi akarusha mikono.

Swali la farasi. Baba: "Farasi!" Amepata! Swali pekee la mwezi huu, na ndilo nililokosa mimi! Akanigeukia. "Ndondi?" anauliza. "Farasi unampiga ngumi?" Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza anaongea nami habari ya michezo na mimi nikiwemo.

Kisha kikaja kile kipande. Shangazi alikuwa anaongea, Baba akainua mkono bila kumtazama: "Dada, tulia." Sauti yangu kwenye televisheni ikasema baba yangu. Ikasema friji. Ikasema boliti, mpira wa mlango, spana.

Mimi nilikuwa natazama kiti chake. Nasubiri kiinuke. Hakikuinuka.

Ikafika "Mwulizeni yeye." Mama anakunja ncha ya kanga yake na kuikunjua. Hatimaye Baba kakohoa.

"Haikuwa spana," kasema. "Spana nimrushie mtoto mdogo? Mimi nina wazimu? Ilikuwa bisibisi. Ndogo. Na nilikuwa naifunga kwanza kwa kitambaa."

Kazima televisheni kabla hata hawajatangaza mshindi. Hajawahi! Akasema kesho asubuhi nimsaidie kushika tochi.

Jumapili, 22 Juni

Karakanani. Friji kubwa la bucha, mlango wazi, Baba kaingiza kichwa na mabega ndani. Mimi nimeshika tochi. Anaongea na lile friji — sauti inatoka imefungwa, kama mtu yuko kisimani.

Anasema: "Ile siku nilikuja."

Nikasema, "Najua. Uliondoka."

"Yule msichana alikupiga teke la kichwa. Ukalala. Watu wakakuzunguka. Sikukuona tena."

Mimi hata sikumbuki vizuri teke lile. Niliinuka, nikamwagiwa maji, nikaendelea. Tulishinda! Kumbe yeye alishatoka. Anasema alisimama nje ya geti, ameushika ukuta, hawezi kuingia, hawezi kwenda. Akasikia watu wanaimba jina langu, ndipo akajua niko mzima. Ndipo akaenda nyumbani.

"Nilijiambia nitakuja mechi nyingine. Mechi nyingine ikaja, miguu ikakataa. Halafu ukawa mkubwa, ukaitwa taifa, nikaona sasa nitasema nini? Nilikuwa nasubiri nje ya geti?"

"Nilidhani unaona aibu."

Kichwa kikatoka kwenye friji. Uso mweusi kwa vumbi. "Aibu? Aibu ya nini?" Kaniuliza kama nimemtukana mtu asiyekuwepo. Kisha karudi ndani. "Leta tochi huku. Unanimulika kisogo."

Nikaisogeza tochi.

Baadaye kidogo, akiwa bado ndani: "Hilo goti linakunja mpaka wapi?" Nikamwonyesha. Katoka, kachuchumaa, kalitazama linavyokunja na kunyooka, kama anavyotazama bawaba za mlango. Kasema, "Halilii." Kwa Baba hiyo ni sifa kubwa.

Jumatatu, 23 Juni

NIMETUA!

Koleo aliniwekea kiboksi, akasema ruka, tua, ganda. Mguu mzima kwanza. Kisha ule mwingine. Nilifumba macho — akanigombeza, fumbua! Nikafumbua. Nikaruka. Nikatua. Nikaganda. Mguu ulitetemeka kama kuku aliyenyeshewa lakini haukwenda ndani, haukwenda nje. "Tena." Tena. "Tena." Nimetua zote.

Koleo hakutabasamu, lakini aliandika kitu na nukta yake aliipiga kwa nguvu. Jumatano niende mazoezini na timu. Mashuti mepesi tu, nusu saa, na goti likivimba nirudi kwake. Hajaahidi mechi. Hajaahidi msimu. Kasema, "Tuone litasemaje baada ya nyasi."

Njiani mwanamke wa duka la vitambaa kanipigia kelele, "Ndondi!" Mtaa mzima sasa wananiita Ndondi. Sawa tu.

Nimemwambia Baba. Kauliza mazoezi ni saa ngapi. Nikamwambia. Kasema ana friji la kupeleka upande ule ule. Mama kaangalia dirishani. Karakanani hakuna friji lililo tayari, na sote watatu tunajua.

Jumatano, 25 Juni

Naandika kwenye benchi, daftari juu ya begi. Tumepumzika kunywa maji. Vidole vina tope, samahani kurasa.

Nyasi zimeota ndefu upande wa goli langu. Nimekimbia, nimegeuka, nimejirusha chini mara chache upande wa mguu mzima. Goti lina joto. Sijui kama ni joto zuri. Beki wa kulia alinikumbatia hadi akaniinua, kocha akamfokea, "Weka chini hiyo, inavunjika!" Kisha wote wakaniimbia "Ndondi! Ndondi!" Hata hapa imefika.

Sasa mashuti. Kocha kawaambia washambuliaji wapige taratibu, kama wanampasia mtoto.

Na Baba yupo. Alifika na ovaroli lake la kazi, hana friji wala toroli. Nilidhani atabaki getini. Alisimama hapo muda mrefu kweli, mkono kwenye ukuta. Mimi nikajifanya nafunga viatu. Nilipoinua kichwa alishapita. Kazunguka uwanja wote kwa nje, pole pole, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya goli. Goli langu.

Mlinzi wa uwanja kamwambia haruhusiwi kukaa pale. Baba kamjibu, "Niko kazini."

Kocha anaita. Mshambuliaji wetu mrefu keshaweka mpira chini. Kagusa wa kwanza taratibu, wa kujaribu goli tupu, umetambaa mpaka kwenye wavu kama umechoka. Na Baba — jamani! — kwa sauti ambayo sijui alikuwa kaificha wapi: "Pigeni kweli! Hajaja hapa kubembelezwa!"

Uwanja mzima umemgeukia. Kocha kaniangalia mimi, anauliza kwa macho. Nimetikisa kichwa kukubali.

Ila yeye mwenyewe, baada ya kusema hivyo, katugeuzia mgongo. Anautazama ukuta. Mabega yamepanda hadi masikioni.

Nimevaa glavu moja, nyingine nikimaliza kuandika. Goti bado lina joto. Mshambuliaji anarudi nyuma, mbali zaidi kuliko mwanzo.

Subiri — Baba anageuka. Kidogo kidogo, na ndoo yake. Sasa anatazama goli. Naenda kudaka.